Kipanya Kiko Kule

Mume wangu alirudi kutoka hospitali amekatazwa kuinua uso. Pazia la nyuma ya jicho lake la kulia lilikuwa limebanduka. Daktari alilirudisha, akatia ndani ya jicho kipovu cha hewa cha kulishikilia, na ili kipovu kile kisihame, mgonjwa alitakiwa alale kifudifudi mpaka aambiwe basi. Jicho la kushoto lilikuwa dhaifu tangu zamani, likimwonyesha mwanga na vivuli tu. Tukakodi kitanda chenye tundu la uso, kama vile vya kukandia mwili, tukakiweka chumba cha wageni kwangu Ansab, huku Omani. Aliyetaka kumtazama usoni ilimbidi akae sakafuni na kupeleka kichwa chake chini ya kitanda.

Sisi ni wake wawili, na mimi ndiye bi mkubwa. Mwenzangu anakaa fleti Wattaya, juu ya duka la magari, ghorofa ya mwisho, na lifti yao haina maana. Kwa hiyo ilipoulizwa mgonjwa atalala wapi, jibu lilikuwa wazi: kwangu, nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Mwenzangu alikubali. Zamu zake zote akaziacha zinipitie mimi. Alichoomba ni kuja kumtazama kila siku akitoka kazini benki.

Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikuwa nnamwonea huruma mume wangu kwa maumivu yake, na chini ya huruma ile kulikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Alimwoa mwenzangu baada ya kufiwa na mama yake, watoto wetu wamekwisha kuwa wakubwa, mie nnafikiri sasa ndiyo tutakaa kitako wawili. Tangu hapo nimekuwa nikimsoma kila anaporudi kutoka kule. Amerudi anakunywa kahawa bila halua. Amerudi anasema "poa kabisa", neno ambalo kwetu halikuwemo. Amerudi na kanzu iliyofukizwa udi nisiouchoma mimi. Hakuna siku niliyomwuliza. Nilikuwa nnaipokea kanzu na kuitia kwenye mashine ya kufulia, hata ikiwa safi.

Sasa alikuwa kwangu peke yangu, uso chini, hana pa kwenda. Nilimlisha uji kwa mrija. Nilimsomea gazeti. Nilimtawadhisha. Akichoka nnalala kwenye mkeka chini ya kitanda na kumwangalia kupitia lile tundu, mashavu yake yamevimba kwa kuinama, naye anasema, "Naona kivuli kizuri." Ilikuwa miaka hajanambia neno kama hilo.

Adhuhuri moja, gazeti limekwisha, akanambia, "Bibie, mie leo nataka kumsikia mama."

Mama yake, mavyaa wangu, aliishi nasi mpaka mwisho wake, na katika miaka yake ya mwisho mume wangu alikuwa akimrekodi akisimulia mambo ya utoto wake Unguja. Sauti zile amezitia ndani ya laptopu yake. Yeye ni mfasiri wa mawakili, na laptopu ile haimwachi. Inatoka kwangu kwenye begi lake, inakwenda kule, inarudi. Hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa ikilala zamu zote pamoja naye.

Nikaileta, nikaiweka sakafuni juu ya kibao cha kukatia mboga, nikakaa. Neno la siri nalijua, ni jina la mtoto wetu wa kwanza, na kila ninapoliandika hujiona nimeshinda kitu. Ikafunguka. Nikatia kidole kwenye tachipedi, kile kibao kidogo chini ya herufi, nikitaka kukisogeza kishale. Kishale kikasimama pale pale katikati ya picha.

"Haisogei," nikamwambia.

"Bonyeza kwa nguvu."

Nikabonyeza. Kibao kikawa kigumu, hakizami kama kawaida.

"Izime, uiwashe tena."

Nikaizima, nikaiwasha. Wapi. Nikaenda jikoni nikaleta kitambaa chenye unyevu kidogo, nikapangusa, maana mume wangu ana tabia ya kufanya kazi na halua pembeni na vidole vyake havikosi mafuta. Nikakausha kwa kanga. Kishale hakikutikisika. Akanielekeza kuna kitufe juu, katika ile safu ya kwanza, kina kijipicha cha kibao na mstari umepita katikati, ndicho kinachoifunga na kuifungua. Nikavaa miwani, nikakitafuta, nikakibonyeza peke yake, kisha pamoja na kile cha pembeni. Mwanga wa kioo ukapungua, sauti ikazimika, ikarudi. Kishale kimenuna.

Mie kompyuta siyo mgeni nazo. Wizarani kwetu, nilikochukua likizo ya kumuuguza, nnakaa mbele ya kompyuta kutwa. Lakini ile ni ya mezani, ina kipanya, mkono unashika kitu. Hapo ndipo nikakumbuka.

"Si una kipanya chako wee? Kile cheusi, kisicho na waya?"

Uso wake umeelekea sakafu, akasema, "Kipanya kiko kule."

"Kule wapi?"

Nilijua wapi. Nilitaka aseme.

"Kwa mwenzio. Nakitumia nikiwa kule."

"Kwa nini kule, huku usikitumie?"

"Kule meza kubwa," akasema.

Neno dogo kama hilo, lakini lilinipanda kifuani. Nikamwona amekaa kwenye meza ile nisiyoijua, kipanya mkononi, kikombe cha kahawa chungu pembeni, raha mustarehe, na kwangu anafanyia kazi mapajani kama abiria. Nikasema, "Basi kesho nitanunua chengine, chetu."

Nilikuwa bado nnabonyeza bonyeza mwenzangu alipobisha. Alikuja na supu ya kuku kwenye chupa ya chai, kama kila siku. Yeye ni mwembamba, mpole wa maneno, kwao walirudi Omani kutoka Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara, kimenyooka. Mimi huniita dada.

"Dada, habari za mgonjwa? Amekula?"

"Kala. Kalala na maneno yake."

Nikaenda jikoni kuihamishia supu yake kwenye bakuli langu. Niliporudi nikasimama mlangoni na bakuli mkononi. Mwenzangu amevua baibui, amelala chali kwenye mkeka wangu, kichwa chini ya kitanda, wanatazamana. Mume wangu anamweleza habari ya laptopu kwa sauti ya chini. Naye mwenzangu anasema, "Imeanza tena?"

Tena. Nikaliweka bakuli mezani kwa kishindo.

"Tena vipi?" nikauliza.

Akainuka haraka, akakaa. "Kule ilikuwa inasumbua, dada. Kabla ya operesheni. Leo inashika, kesho inakataa. Ndiyo maana tukawa tunatumia kipanya."

"Mie sikuambiwa."

Mume wangu akasema, "Jambo la laptopu hilo, bibie, nini cha kuambiwa?"

Lakini kwangu halikuwa jambo la laptopu. Kitu chake kimeanza kuugua, na aliyejua ni mwenzangu. Mie nilikuwa nnapangusa mafuta ya halua.

"Nikimbie nikilete kipanya?" mwenzangu akauliza. "Kwa gari si mbali."

"Haina haja," nikasema. "Tumekwisha agiza chengine." Hatukuwa tumeagiza kitu.

"Mpe yeye ajaribu," mume wangu akasema kutoka kwenye tundu.

Nikampa. Akaivuta mbele yake, na hakuigusa tachipedi hata mara moja. Akabonyeza kitufe kimoja chini, orodha ikafunguka. Akaandika herufi chache, akapiga mshale wa chini, akapiga kingine, madirisha yakawa yanafunguka na kufungika mbele yake bila kishale. Akaingia kwenye mipangilio, akasoma, akasema tachipedi imewashwa, kwa hiyo haijafungwa na mtu, tatizo liko ndani. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kama vya mshonaji.

"Nani kakufunza hivyo?" nikamwuliza.

"Yeye," akasema, na akachelewa kujua kwamba afadhali angesema jengine.

"Alikuwa mwanafunzi mgumu huyu," mume wangu akasema. "Siku ya kwanza alifuta mkataba mzima wa watu."

"Niliurudisha!"

"Uliurudisha baada ya kulia."

Wakacheka. Mume wangu alicheka mpaka kitanda kikatikisika, cheko la kwanza tangu atoke hospitali, na nikamkemea jicho, jicho, utalitikisa jicho. Nilikuwa sahihi, daktari alisema asitikisike. Lakini si jicho nililokuwa nnalitetea. Miaka yote tuliyokaa, mie hakunifunza kitufe hata kimoja. Sikuwahi kumwomba, ni kweli. Yule naye sidhani kama aliomba. Walikaa tu karibu kwenye ile meza kubwa, jambo likatokea.

"Unataka ipi?" mwenzangu akamwuliza.

"Ya baiskeli."

Akaandika neno, akapiga kitufe, na mavyaa akaingia chumbani.

Nilikuwa nimesahau jinsi alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kusema. Alikuwa anasimulia alivyojifunza baiskeli Ng'ambo, mtaa wa Unguja, msichana wa baibui, baiskeli ya mjomba wake, uwanja nyuma ya nyumba baada ya wanaume kwenda msikitini. Alivyoanguka kwenye beseni la nguo za watu. Alivyomdanganya baba yake kuwa jeraha la goti ni la mwiko wa moto. Mume wangu alitulia kabisa, akivuta supu kwa mrija niliomshikia. Mara, katikati ya hadithi, ikaingia sauti nyengine, karibu zaidi na kinasa, changa na yenye haraka.

"Mama, fungua mdomo, dawa kwanza."

"Hunioni nnapanda baiskeli?"

"Nakuona. Kunywa, kisha upande tena."

Mavyaa akacheka, maji yakasikika yakimezwa, kisha akasema, bila kumwambia mtu maalumu, "Huyu nimepewa. Sikumzaa, lakini nimepewa." Na akarudi kwenye baiskeli yake.

Ile sauti ya haraka ilikuwa yangu. Nilihisi uso unapata moto. Sikumtazama mume wangu, nilimtazama mwenzangu. Alikuwa amekaa na ncha ya mtandio mdomoni, macho yako kwenye laptopu. Hadithi ilipokwisha akachukua bakuli tupu, akaenda jikoni. Bomba likafunguliwa, likaachwa likimwagika muda mrefu kwa bakuli moja.

Nikamfuata. Alikuwa haoshi kitu.

"Una nini?"

"Sina kitu, dada."

"Maji yanamwagika."

Akafunga bomba. Akajifuta mikono kwenye kitambaa changu, akakikunja vizuri, akakikunjua.

"Ndiyo mara ya kwanza kumsikia," akasema. "Miaka yote hii. Nikimwomba anisikilizishe ananiambia siku nyingine, anasema betri imekwisha, anasema kelele za watoto wa jirani. Picha yake ameiweka, lakini sauti hapana. Kumbe anazisikiliza hapa."

"Hapa pia si sana," nikasema.

"Lakini wewe umo ndani ya sauti zile."

Kwanza nilichosikia ni utamu. Nitakuwa mwongo nikisema nilisikia huruma. Mwenzangu ananionea wivu mimi! Nilisimama pale jikoni kwangu nikauonja ule utamu kama mtu aliyepewa asali kidoleni. Kisha nikamtazama: suti yake ya benki, viatu amevivua mlangoni kama mgeni, na supu anayoileta kila siku kutoka Wattaya ili niimimine kwenye bakuli langu. Utamu ukanikwama kooni. Wivu nilikuwa bado ninao, wa vitufe na wa meza. Ila sasa ulikuwa hauna pa kukaa vizuri.

"Njoo tukaizime," nikamwambia, "kabla betri haijakwisha kweli."

Tuliporudi, mwenzangu akapiga magoti kuifunga laptopu, ikagoma kufungika sawasawa. Akaiinamia. "Dada, tazama." Ilikuwa inayumba juu ya kibao kama kiti chenye mguu mfupi. Akaigeuza. Tumbo lake lilikuwa limefura, na pembeni karibu na tachipedi ganda limeachana kiasi cha kupitisha ukucha.

"Hii haikuwa hivi," akasema. "Hii betri. Imevimba, inaisukuma tachipedi kwa chini. Kuna mtu benki ilimtokea hivyo. Usiichomeke tena kwenye umeme."

Nikachomoa waya ukutani upesi, japokuwa kichwa chake kingine hakikuwa kimeingia kokote.

Sasa ikawa nani aipeleke kwa fundi. Akasema, "Nitapitia nayo mimi, njia yangu." Nikasema hapana, ataipeleka wapi, italala kwake. Nikasema nitaipeleka mie sasa hivi. Akasema sawa, basi yeye atakaa na mgonjwa. Nikafikiria mkeka wangu na lile tundu, nikasema afadhali nimpigie simu fundi aje. Akasema mafundi hawaji. Tulikuwa tunasemezana kwa adabu sana, "dada yangu" huku, "mwenzangu" huku, na hakuna aliyekuwa tayari kutoka mlangoni.

"Nendeni nyote wawili!" mume wangu akapiga kelele kutoka kwenye tundu. "Nendeni, wallahi, mniache nilale!"

Tukaenda nyote wawili, kwa gari langu. Nikamwomba jirani asikilize kama mgonjwa ataita. Laptopu tuliiweka kwenye sufuria kubwa sakafuni, miguuni kwake, kwa kuogopa isije ikawaka. Alasiri ile njia ya Wadi Kabir, mtaa wa mafundi, ilikuwa imejaa. Kwenye foleni akauliza, "Mama alikuwa mkali?"

"Kwa nani?"

"Kwa mkwe."

"Miaka ya mwanzo alinitoa machozi. Pilau yangu aliiita ubwabwa."

Akacheka, akaziba mdomo. "Mimi angeniitaje? Sijui kupika hata huo ubwabwa."

"Wewe angekusema Kiswahili chako."

Duka la fundi lilikuwa baina ya gereji mbili, dogo, kiyoyozi kinatiririsha maji kwenye ndoo. Fundi alikuwa Mhindi wa makamo. Akaipokea, akaigeuza, akanguruma kidogo. Akatuuliza kwa Kiarabu cha sokoni, "Ya nani hii?"

"Ya mume wangu," nikasema.

"Ya mume wangu," mwenzangu akasema, papo hapo.

Fundi akatutazama mmoja mmoja, akarudisha macho kwenye bisibisi yake, na hakuuliza tena. Mwenzangu akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na cheko lake likaniambukiza, tukasimama pale tunacheka kama wasichana waliofukuzwa darasani, mpaka fundi akatupa kiti.

Alipofungua ganda tuliiona betri: imefura kama andazi, imelibana lile bamba la tachipedi kutoka chini. Joto, akasema, na kuachwa kwenye umeme siku zote. Akaitoa taratibu kwa kijembe cha plastiki, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga. Akaweka nyengine, akakandamiza tachipedi mahali pake, akaiwasha. Akanigeuzia mimi nijaribu. Nikatia kidole, kishale kikakimbia. Nikamsogezea mwenzangu naye akajaribu, japo hakukuwa na haja.

Hapo akanambia kwa sauti ndogo, "Dada, ningeomba nakala. Za mama. Nikimwomba yeye atasema siku nyingine."

Ilikuwa rahisi kumwambia amwombe mwenyewe. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Sauti zile zilikuwa zangu. Meza kubwa, kipanya, udi, kahawa, vyote vimekwenda kule, na sauti ile ilibaki peke yake upande wangu. Nikaangalia barabara, gari linavutwa na jengine kwa kamba. Kisha nikamwomba fundi flashi, na mwenzangu akazinakili mwenyewe, kwa vitufe, ingawa tachipedi ilikuwa imepona.

Nilijuta njia nzima ya kurudi. Nilijuta na kesho yake. Mume wangu nilimwambia, akasema, "Umefanya vizuri," na hilo nalo likaniudhi, maana nilitaka aseme kwa nini umefanya.

Daktari alipomruhusu kuinua uso, akaja mwenzangu kumchukua. Zamu zake zilikuwa zimelimbikizana, ni haki yake. Nikamfungia nguo, nikamtilia dawa za jicho na karatasi ya nyakati zake, nikaiweka laptopu kwenye begi. Walipokwisha ondoka nikaukunja mkeka. Nyumba ilikuwa kubwa mno. Nilimwona kule, uso juu, amekaa mezani, na wivu ukakaa nami kitandani kama mgonjwa mwengine wa kumlisha.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Mwenzangu.

"Dada, samahani. Kuna mahali mama anasema baba yake alipoliona goti, badala ya kumpiga, 'akanipiga pambaja'. Ni kumpiga vipi?"

"Si kumpiga. Kupiga pambaja ni kumkumbatia mtu."

"Ah! Nilikuwa nimemchukia yule mzee tangu jana."

"Hukumwuliza mumeo?"

"Nimemwuliza. Anasema hakumbuki. Anasema kuna sehemu ya pili, wewe unaijua, mama alikuwa akikusimulia wakati wa kumsuka."

Ipo sehemu ya pili, na haikurekodiwa. Nyuma yake nikamsikia mume wangu anauliza ni nani kwenye simu, na kijiko kinagonga kikombe. Moyo ukanichoma, kama kawaida yake. Nikavuta kiti.

"Toka hapo alipo kwanza," nikamwambia, "usikie vizuri."

Nikamsikia anatembea, kisha mlango ukifungwa.